Maombi ya Mukimo Kwenye Vesi ya Pili

Mimi huwa sizimi rekodi. Ukiingia studio yangu hapa Nkubu, nyuma ya duka la dawa za mifugo, ujue tangu ukipiga hodi mpaka ukitafuta viatu vyako, ile taa nyekundu inawaka. Makosa ndiyo yalinifundisha. Kuna kwaya iliwahi kuimba hapa mpaka watu wakalia, na mimi nilikuwa nimesahau kubonyeza. Walirudia, lakini mara ya pili hakuna aliyelia isipokuwa mimi.

Kutoka hiyo siku naacha iende. Na kwa sababu inaenda, inashika vitu. Ilishika jogoo wa jirani kwenye wimbo wa harusi. Ilishika msanii wetu mmoja, Kobia, akipiga chafya katikati ya vesi, halafu akaambia maiki "pole", kwa heshima kabisa, kama maiki ni mama mkwe wake. Nikaiacha hapo hapo. Vijana wakaipenda hiyo "pole" kuliko wimbo wenyewe, na mpaka leo Kobia akipita stendi watu wanapiga chafya makusudi.

Basi nikapata jina: Mwirigi wa makosa matamu. Mtu wa diploma ya umeme, kichwa kikafura kidogo. Wasanii wakaanza kutoka Meru mjini, Chuka, hata Embu, kila mmoja anataka nimwachie kosa lake. Shida ni kwamba kosa la kuagiza halina utamu. Kijana anakohoa mbele ya maiki halafu ananiangalia, "Hiyo vipi, buda?" Namwambia aende hospitali.

Chakula cha studio kilikuwa kinaletwa na Mama Mutwiri. Jina lake la kitabuni ni Nelius, lakini Mutwiri ni kifungua mimba wake na hapa kwetu hilo ndilo jina la mama. Ana hoteli ya mabati upande ule wa soko, na mchana utamwona akivuka barabara na sufuria imefungwa kwa leso, pikipiki zinamsimamia kama yeye ni gari la waziri. Si kwa sababu ya mukimo wake, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, peke yake. Ni kwa sababu ya maombi. Nkubu hii ukifiwa, ukimwoza binti, ukileta ng'ombe wa maziwa nyumbani, anayeitwa kuomba ni yeye. Sauti yake ni nzito, na mwisho inakwaruza kidogo kama mlango wa mabati. Na kila mara anaanza hivi: "Baba wa baraka na wa jasho." Baraka wengi wanasema. Jasho sijasikia mwingine akimwekea Mungu.

Mwanawe alikuwa Qatar. Kila mtu alijua. Mimi kila wiki nilikuwa namuuliza, "Mama Mutwiri, Qatar kunaendaje?" Ananijibu, "Joto tu, Baba Kendi," kwa jina la binti yangu. Namwambia, "Basi mwambie akirudi atuletee ngamia." Anacheka, anachukua sahani zake, anaenda.

Sasa akaja Kathuri. Kijana wa Embu, mtaa wa Dallas, na kwa kazi anajiita Kathuri wa Dallas. Nilimwonya Wamarekani watakuja kudai jina lao. Akasema, "Waje tu, buda. Dallas yao haina mutura wa kuchoma kando ya barabara." Alikuwa na rafiki yake wa kumshikia koti, na wimbo kuhusu mama. Vesi ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili ikakataa kabisa.

"Wewe kijana," nikamwambia kutoka upande wangu wa kioo, "unaimba mama kama unasoma bili ya stima."

"Njaa, buda. Tumbo ndilo linaimba."

Nikaona waya mmoja unakwaruza, nikaingia chini ya meza kuutafuta, hedifoni masikioni. Ndio nikasikia mlango na ile sauti.

"Mwenyewe ako wapi?"

"Ametoka kidogo, mathe," Kathuri akasema. Hakuwa anadanganya. Kutoka alikokuwa hakuwa ananiona. "Mathe, tuombee chakula basi."

Mgeni wa huku aelewe kitu kimoja. Chakula hakiliwi bila kuombewa, hata kiwe mkate na soda. Na anayeombea chakula haombei chakula peke yake. Anaanza na mukimo, anapitia wagonjwa, walio safarini, mvua, watahiniwa na serikali, na akirudi kwa mukimo anakuta umepoa. Hakuna mtu amewahi kulalamika kwa sauti.

Mama Mutwiri aliomba kwa Kiswahili, kwa sababu ya wageni. Nafikiri pia wageni ndio walimfungua. Aliona vijana wawili wa Embu ambao hata jina lake hawajui, akafunga macho.

"Baba wa baraka na wa jasho," akaanza. "Asante kwa mukimo huu na mikono iliyoponda. Bariki hawa watoto wa wenyewe, wako mbali na mama zao. Na Mutwiri wangu, Baba. Watu nawaambia ako Qatar, na wewe unajua hakuna Qatar. Nisamehe hiyo Qatar. Mfikie huko nyuma ya kufuli. Wale askari uwape roho ya mzazi. Asilale na baridi. Na mimi unipe uso wa kupita nao sokoni. Amina."

"Amina," wakasema vijana, na kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni, kwaa!

Mimi nilibaki chini ya meza. Waya nilikuwa nimeshauona, nimeushika. Nilikaa mpaka akatoka.

Kathuri alikula, akasimama, akaimba ile vesi ya pili mara moja tu bila kukosea. Macho yalikuwa mekundu. Hakuniambia ni kwa nini na sikumuuliza.

Alipoondoka nikasikiliza yote. Na hapa ndipo sina pa kujificha, kwa sababu kazi hii inafanywa kwa vidole, si kwa bahati mbaya. Nilichukua yale maombi nikayaweka kabla ya vesi ya pili. Nikatoa jina la Mutwiri. Nikatoa Qatar. Nikatoa uso wa kupita nao sokoni. Nikabakisha, "Baba wa baraka na wa jasho. Mfikie huko nyuma ya kufuli. Wale askari uwape roho ya mzazi. Asilale na baridi." Halafu kifuniko, kwaa, na biti inaingia. Ilikaa kama mtu aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Nywele za mikono zilinisimama. Nikajiambia kila mama ako na kufuli yake, hii ni sauti ya mama yeyote. Nilijiambia hivyo nikijua. Nilikuwa kama mwizi wa ng'ombe aliyemfunika kichwa na gunia, akaacha alama ya mwenyewe kwa paja. Lile jasho niliacha kwa sababu lilikuwa tamu.

Wimbo ukatoka, na ukashika. Kathuri alinipigia simu akipiga kelele, "Buda, Embu yote inaomba!" Hapa Nkubu kila pikipiki ilikuwa nao. Mtu akiangusha kifuniko sokoni, vijana kutoka kila kona, "Asilale na baridi!" Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili Mama Mutwiri alikuwa anavuka barabara na sufuria yake, na wao wakasema hivyo hivyo, wakiwa juu ya pikipiki iliyokuwa karibu naye. Hakugeuka. Simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, na redio ya hoteli inakaa kwa idhaa ya kanisa. Akaingia kwangu, akaweka chakula mezani.

"Vijana wa siku hizi wanaomba sana," akasema. "Hiyo ni nini wanaimba?"

"Mambo yao tu," nikasema. Na kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa, nikaongeza, "Qatar kunaendaje?"

"Joto tu."

Nilikula hicho chakula. Kilikuwa kitamu, hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mwenye duka la dawa pale mbele ni Kagwiria, mwanamke ambaye macho yake yanafika kabla yake. Aliniita siku moja akiwa anapima dawa ya kuogesha ng'ombe.

"Mwirigi, huyo mama wa kufuli ni nani?"

"Ni mama tu."

"Mama tu." Akafunga chupa. "Mama tu anaanza na jasho? Wewe ulifikiria sisi tunaomba tukiwa tumelala? Huyo mwanamke ametuombea wafu wetu wote."

Nikashika chupa moja ya dawa, nikajifanya naisoma.

"Jumamosi watu wa Kiirua wanakuja kumposa Gatwiri," akasema. "Wameambiwa ndugu yake ako Qatar. Sisi wengine tutanyamaza, tunamheshimu. Lakini huko Kiirua hawana simu?"

Gatwiri ndiye kitinda mimba wa Mama Mutwiri, mwalimu wa chekechea, mtoto ambaye ananiita "ankoo" tangu hajaota meno ya mbele. Nilipiga simu Embu hapo hapo.

"Kathuri, tunatoa ile sehemu ya maombi."

"Buda, umekunywa nini? Hiyo ndiyo wimbo! Mimi hapo ni msindikizaji."

"Yule mama hakukubali."

"Si yeye ndiye alikuja kwa maiki? Na si wewe ndiye uliweka?"

Nikakata simu. Niliuondoa wimbo kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Ilikuwa kama kufunga zizi wakati mbuzi wako mlimani. Jioni hiyo hiyo pikipiki ilipita dirishani kwangu, kwaa, asilale na baridi. Wimbo ulikuwa tayari kwa kila flashi na kila simu.

Kesho yake nikaenda hotelini baada ya wateja wa chai kuisha. Nilimkuta peke yake akimenya viazi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya mtu mzima. Yalipofika mdomoni yakageuka mzaha, kama kawaida yangu.

"Mama Mutwiri, umekuwa msanii bila kuniambia."

"Msanii gani, Baba Kendi? Kaa chini. Si leo ndio unaniambia bei ya spika za Jumamosi?"

"Hakuna bei. Kwanza sikia hii."

Akapangusa mikono kwenye aproni, nikamvalisha hedifoni juu ya kitambaa. Nikabonyeza. Mwanzoni alitabasamu, maana biti ni nzuri. Kisha akasikia. "Huyu ni mimi? Mbona ni mzee hivi?" alisema kwa sauti kubwa, ile ya mtu aliyefungwa masikio. Alichukua kisu na kiazi akaanza kumenya, na kile kiazi kilikuwa kimemenywa tayari. Kikaendelea kupungua, mpaka nikatamani kumnyang'anya.

Alivua hedifoni akaniwekea mezani polepole.

"Ulikuwa wapi?"

"Chini ya meza. Nilikuwa natafuta waya."

"Ukaupata?"

"Niliupata."

"Nilimtaja Mutwiri. Humu hayuko."

"Nilimtoa."

"Na Qatar?"

"Niliitoa pia. Nilitoa, Mama Mutwiri, ndio watu wasi..."

"Ulikaa chini ukachagua." Hakuwa ananiuliza. "Kumbe ulijua. Mtu asiyejua angeacha yote."

Mimi nimeishi kwa kujibu watu. Kwa stendi, kwa matanga, kwa mikutano ya shule, mimi ndiye wanayengoja ajibu. Nilitafuta kitu hapo kwa meza na sikupata ila maganda.

"Wiki iliyopita," akasema, "uliniuliza Qatar kunaendaje. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniuliza."

"Niliogopa nikiacha kuuliza utashuku."

Aliangalia kile kiazi chake kilichokuwa sasa kama yai la njiwa, akakitupa kwa sufuria.

"Basi tulikuwa Qatar sote wawili," akasema. "Jumamosi ulete spika mapema. Na uje wewe, usitume mtu."

Nilileta. Hema lilikuwa limefungwa penye migomba, viti vya kanisa, wanawake wa kikundi wamevaa sare. Watu wa Kiirua walifika wakiimba langoni, wakaimbiwa, wakalipishwa faini za uongo na kweli, wakaingia. Ni wakulima wa viazi, watu wa mikono mikubwa na wapole. Msemaji wao alikuwa mzee Njura, kofia ya manyoya na fimbo, na mimi nikampenda mara moja kwa sababu alisalimia spika zangu akidhani ni meza.

Ikafika saa ya chakula. Sufuria zimefunuliwa, mvuke unatoka. Mwanamke mmoja wa kikundi akasimama aseme nani ataomba, na simu ya mzee Njura ikalia.

"Mfikie huko nyuma ya kufuli," ikasema, kwa sauti kubwa kama inavyowekwa simu ya mzee. "Wale askari uwape roho ya mzazi. Asilale na baridi." Kwaa!

Wageni wakacheka. Mzee alikuwa anabonyeza kila mahali. "Hii kitu niliwekewa na mjukuu wangu," akasema, "haisikii mtu!" Ikarudia. Lakini upande wetu hakuna aliyecheka hata mmoja. Wanawake wa sare waliangalia chini, wote, kama shamba la mahindi lililopigwa na upepo. Na wageni wakaona hivyo, kicheko kikakatika, macho yakaanza kutafuta. Wengine walimwangalia Mama Mutwiri, kwa sababu ndiye peke yake alikuwa ameinua kichwa.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mitambo. Ningeweza kuweka muziki, nifunike. Sikuweka. Mara hii niliogopa kugusa chochote.

Alikuja mpaka nilipo, akanyoosha mkono, nikampa maiki.

"Hiyo sauti ni yangu," akasema. "Mlikuja nayo mfukoni, asanteni kwa kunibeba. Mutwiri hayuko Qatar. Amefungwa, kwa kuchukua pikipiki ya mtu. Niliwadanganya nyinyi, na hawa majirani nikawadanganya kabla yenu. Gatwiri nilimkataza kusema, msimhesabie. Sasa mle, halafu muamue. Chakula hakina kosa." Akanirudishia maiki mbele ya watu wote. "Baba Kendi atatuombea. Anajua maombi yangu kunishinda."

Watu wakafunga macho.

"Mungu, bariki chakula hiki," nikasema. "Amina."

Hakuna aliyeitikia. Nkubu hii haijawahi kusikia maombi mafupi hivyo. Watu walikuwa bado wanajiweka sawa. Nilifungua jicho moja, nikamwona Mama Mutwiri amefunga yake, mikono mbele.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikaombea wageni, barabara, viazi vyao. Nikaombea mvua. Nilizunguka serikali yote. Na mwishowe nikafika penye nilikuwa nakimbia, nikasema, "Na Mutwiri." Hapo maneno yaliyokuja yalikuwa yale yake, ya baridi na askari, na sikuweza kuyasema. Nilikuwa nimeshayatumia. Nikasimama tu hapo na maiki, inashika pumzi yangu na kuitoa kwa spika, mpaka mzee Njura akanihurumia akasema "Amina" kwa nguvu, na wengine wakafuata.

Walikula vizuri. Kisha wageni wakaenda kando, nyuma ya migomba, wakaongea. Mzee Njura alirudi akiwa amevua kofia.

"Mama," akasema, "sisi tulikuja kuomba msichana. Hatukuja kuomba ndugu yake. Hakuna nyumba haina kufuli." Watu wakapumua, mmoja akapiga kigelegele cha nusu. Mzee akainua fimbo. "Lakini tuliambiwa huyu ndugu ndiye atatukaribisha. Sasa tumeshajua aliko, hatuwezi kuoa kama hayuko. Tutamngoja. Akitoka, mtuite, tutarudi tuimbe tena hapo langoni."

Ilikuwa heshima, na ilikuwa kungoja mwaka mzima na zaidi, maana ndicho kifungo kilichobaki. Gatwiri alikuwa amesimama karibu na sufuria na kijiko kikubwa mkononi. Hakulia. Alikuja kunisaidia kukunja nyaya, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Asante kwa spika, Bwana Mwirigi," akasema.

Miaka hiyo yote ya ankoo, na sasa ni Bwana.

Kathuri aliposikia alikuja kutoka Embu na unga na sukari, akapiga magoti sakafuni pale hotelini na jinzi yake ya kuchanika. Mama Mutwiri alimwinua. "Wewe hukujua kitu, mtoto wangu," akamwambia, akampakulia mpaka sahani ikalalamika. Mimi nilikuwa hapo mlangoni. Nilingoja kama kuna neno litapita upande wangu. Aliniuliza kama nataka chai.

Bado ananiletea chakula. Hiyo ndiyo sielewi, ama naelewa na sitaki. Anavuka barabara na sufuria imefungwa kwa leso, vijana sasa wanamwamkia kwa adabu, na kifuniko kikianguka sokoni hakuna anayesema kitu. Anafika mlangoni kwangu na haingii.

"Hiyo kitu imezimwa?"

"Imezimwa, Mama Mutwiri."

Anangoja. Basi nachomoa waya ukutani, naunyanyua juu auone. Anauangalia, halafu anaingia, anaweka sufuria mezani, anafunga macho. Tunaombea chakula kama watu. Ila siku hizi anaombea ndani. Midomo inatembea na hakuna sauti, na maombi yanachukua muda mrefu kuliko yale ya zamani. Mimi nasimama hapo na waya mkononi, namwangalia midomo, mukimo unapoa. Akimaliza anafungua macho.

"Amina," nasema, bila kujua nimeitikia nini.